Barza Iliyokunywa Siku Saba

Apollinaire hakununua kiwanja, alinunua sakafu. Ndivyo Augustine alivyozoea kumtania mumewe alipokuwa hai, na mumewe hakukataa. Pale Walikale, mashariki ya Kongo, karibu na njia inayoteremkia mto Lowa, palikuwa na kipande cha zege kilichobaki peke yake katikati ya majani. Ilikuwa sakafu ya duka la mfanyabiashara wa zamani ambaye hata wazee wa mtaa hawakukubaliana juu ya jina lake. Kuta zilikuwa zimeanguka, mabati yamekwenda kusikojulikana, sakafu ikakataa kufa. Apollinaire, mwalimu wa shule ya msingi asiyeweza kununua hata mfuko mmoja wa simenti, aliizunguka mara tatu, akaipiga kisigino, akasema hapo ndipo atakapooa. Nyuma yake akajenga nyumba ya miti na udongo, na lile zege likawa barza yao: mahali pa mbele ya nyumba pa kukaa, kula, kuchagua maharagwe na kupokea wageni.

Miaka ikapita, thelathini na zaidi. Watu wa mtaa ule walikimbilia msituni kwa sababu ya vita mara mbili na kurudi mara mbili. Mara ya kwanza Augustine alikuta nyumba imeungua, mara ya pili alikuta mlango umebebwa. Barza hakuna aliyeibeba. Apollinaire alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini, akasema, mnaona sasa nilinunua nini? Kisha naye akafa, sasa ni mwaka wa sita, kwa ugonjwa wa siku tatu tu.

Augustine mwenyewe ni mtu wa udongo. Simaanishi kwamba ni mnyonge. Namaanisha kwamba katika Walikale nzima hakuna mkono unaokandika ukuta kama wake. Anajua udongo wa kando ya mto unaoshika na ule wa kilimani unaodanganya, anajua kiasi cha majivu, na akimaliza kazi huburuta vidole vitatu juu ya mlango, alama yake. Ukipita mitaani ukihesabu hizo alama tatu utachoka. Mvua ya kule hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea, kwa hiyo akikandika huwasha moto wa kuni mbichi karibu na ukuta, moshi na joto vikaushe udongo kabla wingu halijarudi. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Kasoro yake ni moja: hapendi kuambiwa. Ukimwelekeza jambo atakutazama kama mtu aliyekuja kumfundisha kutafuna.

Basi mwaka huu Benita, binti yake wa mwisho, mshonaji wa nguo pale sokoni, akapata mchumba, Thierry wa Buleusa. Ukoo wa Thierry ukatuma neno kwamba watakuja na mbuzi wa kwanza baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi. Na kabla neno halijapoa, Symphorien akafika. Symphorien ni mdogo wake marehemu, mtu wa heshima, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kwenda shamba. Alisimama barzani, akatazama chini, akaguna.

Na kweli palikuwa na cha kugunia. Zege lilikuwa limepasuka kama unga uliokaukia sufuriani. Karibu na mlango palikuwa na shimo la ukubwa wa sinia, majani yakiota katikati yake, na upande wa mvua ukungu wa kijani ulikuwa umekwisha kumwangusha katekista mara moja, yeye na sahani yake ya wali.

"Shemeji," alisema Symphorien, "bakwe batakaa wapi? Hapa? Mutu mukubwa ataweka kiti mu ile shimo, ataanguka na heshima yetu yote. Kwangu kuko nafasi. Mbuzi ifungwe kwangu."

Katika ukoo wao, pale wakwe wanapomfunga mbuzi wa kwanza ndipo kwao msichana. Ndoa ikileta maneno, akipigwa, akifukuzwa, akifiwa, njia yake ya kurudi ni pale pale kwenye nguzo ya yule mbuzi, na mwenye nyumba hiyo ndiye atakayesikilizwa. Augustine aliijua desturi hiyo kwa uchungu. Mbuzi wake yeye alifungwa kwa baba yake mdogo, kwa sababu nyumba ya mama yake ilikuwa inavuja. Alipomzika mtoto wake wa kwanza na kutaka kulala siku chache karibu na mama, aliambiwa kwenye njia: kwenu si huko, kwenu ni kule. Alilala kule, kwa watu wasiojua hata kulia naye. Hajasahau.

"Benita atatokea hapa," alisema.

"Hapa wapi?"

"Hapa penye baba yake alipiga kisigino."

Symphorien alishusha pumzi. Si mtu mbaya, ni mtu anayeogopa kuchekwa. "Basi. Uko na wiki tatu. Barza ikitengenezwa, sawa. Kama haiko, mbuzi inakuya kwangu, na hakuna kulia."

Wiki tatu, na mfukoni hamna kitu. Augustine hakukaa kuhesabu asichokuwa nacho. Alikwenda kwa Marcellin, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kufungua duka, akamkuta na depo ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa unamwagika. "Nipe mufuko moja ya simenti," alimwambia, "nakandika hii ukuta yote." Marcellin akamwonyesha mfuko ulionyeshewa kona moja njiani. Siku mbili Augustine alikandika, akaburuta vidole vitatu juu ya mlango wa depo, akaondoka na mfuko wake kwenye toroli la kuazima. Nyumbani alipasua mabonge, akachekecha simenti kwa chekeche la unga wa muhogo, nusu akaifungia kwenye pipa la plastiki. Hata Marcellin angesifu.

Mchanga aliupata bure mtoni. Mawe vilevile: yako mawe bapa kwenye kingo za Lowa, laini kama migongo ya vitabu, na Benita na wenziwe wa cherehani walibeba kwa vichwa jioni mbili huku wakiimba nyimbo za kumsuta bwana harusi. Augustine alikwangua ukungu kwa majivu na brashi ya nyuzi za mgomba, akang'oa majani. Kisha akachanganya simenti na mchanga, akapiga magoti, na akaanza kuipaka kwa viganja juu ya zege kavu, kama ukuta. Ilitoka laini hata Benita alishangaa. Ilipofika jioni viganja vyake vilikuwa vinawaka. Simenti si udongo, inakula ngozi. Akajipaka mafuta ya mawese.

Wingu likajikusanya. Augustine akafanya kile ambacho mama yake angefanya. Aliweka mabati mawili ya zamani pembeni, akawasha kuni juu yake, akasogeza moto taratibu kutoka pembe hadi pembe, usiku kucha na kesho yake mchana.

Upande wa pili wa ua wa mianzi anakaa Uwamariya, mwanamke wa Mushaki aliyefika Walikale na watoto wawili na sufuria moja miaka minne iliyopita. Yeye na Augustine walikuwa majirani wa salamu tu. Uwamariya aliutazama ule moshi, akatazama tena, mwishowe akaja mpaka kwenye ua.

"Mama Benita, unisamehe. Ile simenti haitaki moto. Iko naomba maji."

"Maji?" Augustine alinyanyua uso wenye majivu. "Mvua yote hii ya Walikale naikimbiza na moto, weye unanileteya maji? Dada, ulikuwa fundi wakati gani?"

"Sikukuwa fundi. Nilikuwa nabeba maji kwa mafundi."

"Basi beba yako."

Uwamariya akarudi kwake. Wengine wangejibu. Yeye alikuwa amezoea kuambiwa arudi.

Siku ya nne Benita alifagia barza. Alifagia mara moja, akasimama. Akafagia mara ya pili. Mbele ya ufagio palikuwa na rundo la vumbi la kijivu, na nyuma ya ufagio zege la zamani lilikuwa limeanza kuonekana, na nyufa zake zote. "Mama," aliita, "barza iko inakuya na fagio." Augustine alitoka, akakwangua kwa ukucha. Ikatoka kama unga. Kipande kizima karibu na shimo kikanyanyuka kama gamba la samaki.

Aliingia ndani akakaa kitandani. Nitasema kweli, alilia, na kilichomliza zaidi si simenti. Alimwona Benita miaka ijayo akitembea njia ya kutoka Buleusa na mtoto mgongoni, na mtu akimwambia: kwenu si huko. Mikono yake, ile iliyokandika mji mzima, ndiyo iliyokuwa imeharibu.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa Augustine uvungu huo ulikuwa upande wa pili wa ua wa mianzi. Alipika sombe ya majani ya muhogo, akaitia mawese mazuri, akafunika bakuli kwa jani, akazunguka mpaka mlangoni kwa Uwamariya. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusimama na bakuli.

"Ilikuwa vile ulisema," alisema mwishowe.

Uwamariya alipokea bakuli. Hakutabasamu ile tabasamu ya nilikuambia, na kwa hilo tu Augustine angempenda. "Ingia, Mama. Simenti ingine iko?"

"Nusu ya mufuko. Mu pipa."

"Inatosha, kama majiwe iko."

Wakala pamoja. Uwamariya akaeleza huku akimenya ndizi. Kule Mushaki na Sake, miaka minne, mafundi walikuwa wakimaliza kazi siku moja na kwenda zao, na yeye akibaki siku saba na bidoni, dumu la maji, asubuhi na jioni, akimwagia sakafu. "Siku moja mutoto alikuwa na homa, sikuenda. Ile dalle, ile sakafu yao, ilipasuka, balinifukuza. Udongo unakauka, Mama. Simenti haikauke. Inakunywa, njo inakomaa. Weye uliinyima maji na uliipa moto."

"Na mvua?" aliuliza Augustine.

"Mvua? Ikinyesha kwa nguvu siku ya kwanza, itaifua, lazima tufunike. Ikipita ile ya kwanza, mvua iko mufanyakazi wako wa bure."

Augustine alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Maisha yake yote amepigana na mvua.

Walianza upya. Kwanza walikwangua yote aliyoyapaka, na hilo lilimuuma, lakini alikwangua. Kisha Uwamariya alichukua nyundo, akaligongagonga zege la zamani mpaka likawa na chunjuachunjua, ili simenti ipate pa kushika. Wakaliosha, wakalilowesha usiku mzima. Kwenye shimo la mlango na kwenye nyufa kubwa wakapanga mawe bapa ya Lowa, yakabana vizuri, yakala nafasi ambayo ingekula simenti. Ijumaa asubuhi wakapaka uji wa simenti kwa brashi, na juu yake tabaka jembamba, mchanga uliooshwa, maji kidogo. Hapa Uwamariya alimwachia Augustine mwiko. Kwani kujua maji ni jambo moja na kulainisha ni jambo lingine, na mkono ule, ukiwa umefungwa mfuko wa plastiki safari hii, haukuwa na mpinzani. Jioni barza ilikuwa tambarare, mawe yakichungulia katikati yake kijivu na buluu. Wakaifunika kwa majani ya migomba, tabaka mbili, na viroba juu.

"Siku saba," alisema Uwamariya. "Hakuna mutu kukanyaga. Ata weye."

Siku saba Augustine aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni. Asubuhi kabla ya chai walimwagia, jioni kabla ya sala walimwagia, kila mmoja na bidoni lake, na katikati ya kumwagia walizungumza mambo ambayo miaka minne ya salamu haikuyafikia: yule mtoto wa kwanza wa Augustine, na ng'ombe watatu wa baba yake Uwamariya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Huyu mgeni alikuwa ameshakuja zamani, mwenyeji ndiye aliyechelewa kupona.

Siku ya tano Symphorien alikuja kukagua. Alinyanyua mguu ili apande, Uwamariya akasimama mbele yake na bidoni. "Papa, unisamehe. Uzunguke nyuma." Symphorien, ambaye hajawahi kuingia nyumba yoyote kwa jikoni, alizunguka, akapita katikati ya masufuria na kuku, shati lake likashika masizi. "Munamwangilia ile beto ya simenti sawa mboga," alinung'unika. "Itaota maua?"

Na Ijumaa, siku ya saba, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, pikipiki nne zikasimama mbele ya nyumba. Watu wa Buleusa walikuwa wameogopa njia isije ikakatika, wakaja siku moja kabla. Wamelowa mpaka mifupani. Mbele yao alikuwa Esdras, mjomba wa Thierry na msemaji wao, na nyuma ya pikipiki ya mwisho mbuzi amefungwa, kimya, na uso wa abiria aliyekata tamaa.

Symphorien alikuwa amekwisha kusikia ngurumo za pikipiki. Alifika na mwavuli. "Karibuni, karibuni! Barza ya hapa haiko tayari. Tuende kwangu, na mbuzi."

Augustine alitoka kwenye mvua bila kitu kichwani. Angeweza kuyaondoa majani pale pale, kuweka viti, na kumwomba Mungu. Alimtazama Uwamariya, aliyechungulia juu ya ua wa mianzi, na Uwamariya akatikisa kichwa: bado usiku mmoja.

"Papa Esdras," alisema, "mufike salama. Barza yangu iko nakunywa maji, leo njo siku ya saba. Kesho asubuhi itakuwa imeshiba. Mulale kwa shemeji yangu, mukule, mupumzike. Lakini mbuzi muniachiye."

"Mbuzi inaenda na wageni!" alisema Symphorien.

Esdras aliyatazama yale majani ya migomba yanayochuruzika, akamtazama mama aliyelowa. "Mbuzi amechoka kupita sisi," alisema. "Abaki."

Symphorien alikunja uso. "Abaki jikoni, kulala tu. Hajafungwa. Kesho nitaangalia ile barza mimi mwenyewe. Kisigino ikizama, ile kamba naifungua na mukono yangu."

Alfajiri Augustine alikwenda jikoni na maganda ya ndizi kwa ajili ya mgeni wake. Kamba ilikuwa imetafunwa. Mbuzi hayupo. Alizunguka nyumba mbio, na akasimama, mikono kichwani. Mbuzi alikuwa juu ya barza, katikati kabisa, akila majani ya migomba. Alikuwa ameshamaliza nusu. Viroba alivisukuma kando kwa pua, na samadi yake ameitawanya kila mahali bila aibu yoyote.

Na hapohapo, kwenye njia, Symphorien na wageni wote walikuwa wanakuja, mashati safi, Benita naye ametoka ndani na kitambaa kipya, na kila mtu akaona. Kwato nne zikitembea juu ya kazi ya siku saba. Augustine alikaza macho kwenye zege. Alikuwa akingoja kuona mashimo.

Uwamariya, aliyekuwa ametoka upande wa pili wa ua, ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimwondoa mbuzi kwa upole, akakusanya majani yaliyobaki, akachukua ufagio. Akafagia. Watu walisikia ufagio ukipita. Mbele yake ilikwenda samadi ya mbuzi, na maji kidogo, basi. Vumbi halikuwepo. Akafagia tena, na barza ikabaki pale pale ilipo.

Symphorien aliinama. Alipitisha kiganja pale kwato ziliposimama, akatafuta alama, hakupata. Akasimama, akapiga kisigino. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile aliyoisikia akiwa kijana, siku kaka yake alipozunguka kipande cha zege katikati ya majani mara tatu. Akabaki ameinamisha kichwa.

Esdras akasogea mpaka ukingoni na mbuzi wake, akauliza kwa sauti kubwa, kama desturi inavyotaka: "Tumefika kwa nani?"

Ni mwanamume wa ukoo anayejibu. Mtaa mzima ulimtazama Symphorien. Augustine alikuwa ameushika mkono wa Uwamariya bila kujua tangu lini.

"Kwa Augustine," alisema Symphorien. "Mbuzi ifungwe ku hii nguzo. Na musikilize muzuri, batu ya Buleusa. Siku mutoto wetu atachoka kwenu, hakuna mutu atamuuliza anaenda wapi. Njia yake njo hii."

Augustine alilia mbele ya wakwe, jambo ambalo mama wa binti hapaswi kufanya, na hakujali. Symphorien akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akaviacha kwenye matope, akapanda barzani kwa miguu mitupu.